Tukiwa Tumesimama Tabora

Kigoma kuna mvua, rubani alisema,
uwanja hauonekani, tunarudi Tabora kungoja.
Injini zikazimwa. Jua la saa saba likakaa juu ya bawa.
Watu sabini na mmoja, na choo cha nyuma
kimegoma kumeza tangu Dodoma.

Cha mbele kizima.
Cha mbele kina sabuni ya waridi
na karatasi ambayo mimi, Skolastika Ntakije,
huikunja ncha pembetatu kila anapotoka mtu,
kama bahasha isiyo na barua.
Viti vinane, abiria wawili:
mmoja amelala kinywa wazi, soksi imetoboka kidole gumba,
mwingine anahesabu pesa za tumbaku kwenye simu.
Halafu pazia. La kijivu, vishikizo sita,
jepesi, ukilipuliza linakwenda.
Nilifundishwa wiki mbili namna ya kulifunga
na namna ya kutabasamu mbele yake.
Usiseme choo. Sema huduma.

Akaja bibi wa kiti cha kumi na saba,
mkoba kwapani, viatu mkononi.
Mwananje, akaniita, kwa Kiha cha nyumbani,
hata jina langu kifuani hajalisoma.
Nikamjibu kwa Kiswahili cha kampuni:
"Mama, huduma yako iko nyuma."
"Ya nyuma imejaa mpaka shingoni."
"Fundi ameitwa, mama."
"Fundi ana miaka mingapi? Mimi nina sabini na mbili,
na kibofu changu kimenizidi umri."

Hakupandisha sauti. Alishika mgongo wa kiti
kama mtu aliyezoea sakafu inayotikisika,
akaniambia alitandika mashuka behewa la kwanza,
gari la Kigoma, miaka kumi na tisa,
ufunguo wa choo ukining'inia hapa. Akagusa kiuno.
"Gari likisimama Tabora, nafunga.
Daraja la kwanza, la pili, la tatu, vyote nafunga.
Hakimu alibana. Mwenye kuku alibana.
Padri mmoja alitembea ukumbi mzima wa behewa
akisali rozari mbio mbio.
Maana reli ni moja, na kinachodondoka hakina tiketi.
Sasa wewe, mwananje,
unafunga kwa ajili ya nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Limo kitabuni, ukurasa wa arobaini,
lina neno *faragha* na neno *thamani*.
Dirishani, dereva wa gari la mafuta
alikuwa anaelekea vichakani nyuma ya uzio,
hana haraka, hana daraja.

Nikafungua kishikizo kimoja. Kilitosha.
Akapita ameinamisha kichwa, kama anayeingia msibani.

Mwenye tumbaku akainua macho: "Huyu naye amelipa?"
"Amelipa," nikasema.
Sijui nililitoa wapi.

Kisha mwenye soksi akaamka, akaenda mlangoni,
akakuta taa nyekundu.
Akasimama.
Akahamisha uzito, mguu huu, mguu ule,
akatazama saa, akanitazama mimi.
Nikatabasamu kama nilivyofundishwa.
"Kuna mtu," nikamwambia.
Neno *mtu* likanikaa mdomoni vizuri,
nikatamani aulize tena.

Bibi alipotoka niliingia kukagua, ndiyo kazi.
Sinki kavu, limefutwa hadi kwenye kona.
Sabuni imerudishwa, maandishi yake yakitazama mbele.
Na karatasi: ncha imekunjwa pembetatu,
kali kuliko yangu.

Saa tisa Kigoma ikafunguka.
Nikafunga vishikizo, vitano; cha sita kimelegea.
Kwenye fomu, pale penye Matukio,
nikaandika: *choo cha nyuma kibovu*,
nikaacha mistari mitatu mitupu.
Tukapaa. Chini yetu reli ikatufuata kitambo,
nyembamba, inang'aa kwa maji ya mvua,
kisha ikapinda.